SOMO LA TAWI: Nyumba Nyingi kwa Eka Moja, Barabara Inalipwa na Nani?



Somo la leo si juu ya mshahara, lakini linaugusa mshahara. Kila mara mipango ya mji inapojadiliwa hapa Nakawa, mambo mawili hutajwa: idadi ya nyumba katika eka moja, na gharama ya barabara. Wengi wetu huwaachia mainjinia. Hilo ni kosa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne, na anayelipa ni mimi na wewe.

1. Hesabu ya barabara

Chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100. Upande wa futi 50 unatazama barabara, na ng'ambo kuna kiwanja kingine kama hicho. Kila kiwanja kina familia moja. Basi futi 50 za barabara zinahudumia familia 2. Kila familia inabeba futi 25 za lami, mtaro na bomba la maji.

Sasa jenga katika kila kiwanja nyumba ya ghorofa yenye familia 8. Futi 50 zilezile zinahudumia familia 16. Kila familia inabeba futi 3 na kidogo. Ni kweli kwamba bomba litakuwa nene zaidi na lami itachakaa upesi, lakini gharama haitapanda mara nane.

Kwa hiyo wanaosema kwamba nyumba zikitawanyika barabara inakuwa ghali, wanasema kweli. Hata UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, linashauri mji uwe na watu wasiopungua 15,000 kwa kilomita moja ya mraba, yaani kama watu 60 kwa eka. Lakini shauri hilohilo linataka asilimia 30 ya ardhi iachwe kwa barabara. Mwenye tamaa ya ardhi husoma nusu ya kwanza tu.

2. Nyumba nyingi si watu wengi chumbani

Tusichanganye mambo mawili. Familia 8 katika ghorofa, kila moja na vyumba vyake, maji yake na choo chake, ni nyumba nyingi kwa eka. Watu 6 katika muzigo mmoja, huku ua mzima ukigombea choo kimoja, ni msongamano. La kwanza ni mpango mzuri. La pili ni ugonjwa.

Ndugu wa mashamba ya chai na miwa mnalijua jambo hili. Nyumba za laini zilipangwa safu kwa safu ili njia na bomba viwe vifupi. Mwajiri aliokoa fedha, lakini nyumba haikuwa ya mfanyakazi. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Basi swali si nyumba zimekaribiana kiasi gani tu. Swali ni faida ya kukaribiana inakwenda kwa nani.

3. Yaliyotokea Nakawa na Naguru

Zama za ukoloni serikali ilijenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika Nakawa na Naguru, karibu na viwanda. Zilikuwa nyumba ndogo katika ardhi kubwa, karibu hekta 66. Mji ulipokua ukazizunguka, ardhi hiyo ikawa dhahabu.

Mwaka 2007 serikali ilifanya mkataba na kampuni binafsi ili kujenga hapo mji mpya wenye maelfu ya nyumba. Wapangaji waliokuwapo, waliohesabiwa kuwa 1,747, waliahidiwa nafasi ya kwanza. Mambo yalifika mahakamani. Julai 2011 wakaondolewa na nyumba zikabomolewa. Oktoba 2013 Rais Museveni alizindua ujenzi, lakini mji ule haukujengwa kama ulivyoahidiwa. Baadaye serikali ilivunja mkataba, na mwaka 2021 Bunge liliunda kamati kuchunguza jinsi ardhi ilivyogawiwa.

Angalieni vizuri. Shauri la kujenga nyumba nyingi pale halikuwa baya. Ardhi iko karibu na kazi, na Barabara ya Jinja ipo tayari. Ubaya ni kwamba nyumba za zamani zilibomolewa kabla ya mpya kusimama.

4. Barabara ikihamia mfukoni

Mfanyakazi aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi kiwandani, akihamia mbali anaingia gharama mpya. Tuseme nauli ni shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 104,000 kwa mwezi. Ongeza saa mbili za usingizi kila siku. Ongeza mama anayerudi gizani kwenye njia isiyo na taa. Huko anakohamia, mji utadaiwa barabara mpya, mitaro mipya na mabomba mapya. Gharama haikupungua, ila imemhamia mnyonge.

5. Jirani zetu wa Kibera

Nairobi, mwaka 2009, familia za Soweto Mashariki katika Kibera zilihamishiwa kwanza nyumba za muda Lang'ata, si mbali. Mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa mahali pale walipotoka. Kungoja kulikuwa kwa miaka 7, na si kila mtu aliridhika. Lakini utaratibu wenyewe ndio tunaoutaka: nyumba ya muda kwanza, kubomoa baadaye, kisha kurudi.

6. Tudai nini?

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 imeifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Ramani ya mpango huwekwa hadharani, na mwananchi ana haki ya kupinga kwa maandishi. Basi tawi likisikia mpango mpya, lifanye haya:

(a) Lichague watu wawili waende kuiona ramani, pamoja na mwenyekiti wa LC 1.
(b) Liandike orodha ya wapangaji wote, hata wa chumba kimoja, na kila mtu atunze risiti zake za kodi.
(c) Lidai ahadi ya kurudi iwe ndani ya mkataba, pamoja na kodi itakayolipwa. Ahadi ya jukwaani haina muhuri.
(d) Lidai nyumba isibomolewe kabla ya nyumba ya muda kuwa tayari.

Maswali ya kujadiliana

1. Mtaani kwako, futi 50 za barabara zinahudumia familia ngapi?
2. Nauli yako ya mwezi ni sehemu gani ya mshahara wako?
3. Nyumba za mtaa wako zikijengwa upya, jina lako limeandikwa wapi?

Ndugu, asiyejua hesabu ya barabara atailipa mara mbili. Umoja ni nguvu.