TREKTA INANGURUMA LAKINI HAIVUTI: MARADHI YA KLACHI NA TIBA YAKE



Yeyote aliyekulia Trans Nzoia anajua kwamba kati ya Januari na Machi hakuna mgeni anayengojewa kwa hamu kama trekta. Mahindi hupandwa mvua za masika zikianza, na shamba ambalo halijalimwa kufikia wakati huo ni njaa inayojulikana mapema. Katika makala haya nitaeleza jinsi klachi ya trekta kuukuu inavyougua, jinsi ya kuutambua ugonjwa wenyewe, na jinsi inavyotengenezwa. Mifano yangu nimeitoa kwa trekta ya nyanya yangu, Massey Ferguson 135. Aina hii iliundwa Coventry, Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, kwa hivyo hata ile changa kabisa ni mkubwa wa mama yangu. Yetu ina injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu, na ndiyo inayolima mashamba ya majirani kwa malipo. Karo yangu na ya ndugu yangu hutoka kwenye plau hiyo.

Tuanze na klachi ni nini. Weka kiganja juu ya kiganja, ubane, kisha uzungushe mkono mmoja. Mkono wa pili utafuata. Sasa paka viganja mafuta ya kupikia ujaribu tena. Mmoja utazunguka na mwingine utabaki palepale. Basi hayo ndiyo mambo ya klachi. Upande mmoja kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Upande wa pili kuna presha pleti yenye springi kali. Katikati yao imebanwa klachi pleti, ambayo meno yake ya kati yameshika shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma vidole vya presha pleti, mbano hulegea, na injini huzunguka peke yake bila kuisukuma trekta.

Massey 135 nyingi, yetu ikiwemo, zina klachi maradufu. Ukikanyaga pedali nusu, magurudumu yanaachiliwa. Ukikanyaga hadi chini, P.T.O. nayo inasimama, yaani ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kupukuchua mahindi, pamoja na pampu inayoinua plau. Kwa hivyo ndani mna pleti mbili na shafti mbili, moja imepita ndani ya nyingine. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo lililomwokoa mtamba wa nyanya.

Klachi huugua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukataa kuachilia. Hapo umekanyaga pedali hadi mwisho lakini gia zinasaga meno na kupiga kelele, au trekta inajikokota wakati wewe unataka isimame. Pengine pedali ina nafasi kubwa mno kabla ya kuanza kazi, pengine pleti imepinda. Lakini kwa trekta kuukuu iliyokaa bila kazi, aghalabu ni kutu. Kuna jirani yetu aliyeiacha yake chini ya mkuyu msimu mzima wa mvua, na pleti ikagandana na flaiwili kama ugali na sufuria. Hawakufungua hata nati moja. Walivutwa na trekta nyingine kwenye uwanja ulio tambarare, injini ikiwa imezimwa, gia ya juu imewekwa, na pedali imekanyagwa hadi chini. Magurudumu yakalazimisha pleti kuzunguka huku injini ikikataa, pakasikika mlio mmoja mkubwa, kisha ikaachia. Kazi hiyo si ya kufanyia barabarani wala mteremkoni, na dereva awe mtu mzima.

Njia ya pili ni kuteleza, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wa yetu. Ilianza kwenye kilima. Injini inanguruma, moshi unatoka, plau imezama udongoni, na trekta yenyewe inatambaa kama kinyonga. Baadaye kukawa na harufu ya kitu kinachoungua. Fundi aliyeitwa kutoka mjini akaizunguka mara mbili, akasema giaboksi imekufa na kwamba itafutwe nyingine nzima. Nyanya hakuwa na pesa hizo. Alikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba, na mnunuzi alikuwa tayari kuja asubuhi.

Jioni mjomba akafika. Yeye ni fundi wa jua kali, hana cheti cha kuning'iniza ukutani.

"Mama, huyo mtamba asiuzwe kesho," akasema.

"Na hawa watu wenye nimekula pesa zao, nitawaambia nini?"

"Waambie wanipe wiki moja. Hii maneno ya giaboksi mimi sijaiona bado."

Mimi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa, kwa hivyo kila jioni nilikuwa pale kushika taa na spana. Mjomba alianza kwa kuuliza maswali, jinsi mwalimu wa Sayansi anavyotaka tufanye. Je, ni gia moja inayokataa au zote? Giaboksi ikiharibika, mara nyingi gia moja hupiga kelele au huruka ikatoka. Yetu ilikuwa kimya katika gia zote, ila ilizidi kushindwa katika gia za juu. Kisha akainua plau. Ikapanda upesi bila taabu. Maana yake injini ni nzima, na pleti ya pili, ile ya P.T.O., inashika. Akafunga breki ya mkono sawasawa, akaweka gia ya juu, akaachilia pedali polepole. Klachi nzima ingezima injini papo hapo. Injini ikaendelea kuzunguka kana kwamba haikuguswa. Jaribio hilo lilifanywa mara moja tu, kwa sababu kila ukilirudia unaichoma pleti zaidi.

Hata hapo hakukimbilia kufungua. Alitazama kwanza nafasi ya pedali, maana hilo halina gharama. Pedali isipokuwa na mchezo kidogo kabla ya kugusa vidole, beringi huendelea kuvisukuma hata mguu ukiwa umeondolewa, na klachi huteleza bila kosa lake. Ya kwetu ilikuwa na mchezo wa kutosha. Ndipo akalala chini ya trekta. Chini kabisa ya lile bakuli la chuma linalofunika klachi mna tundu dogo lenye pini, na kazi ya tundu hilo ni kutoa mafuta yaliyopotea njia. Akachomoa pini. Tone, tone, tone.

"Njoo uone rangi," akaniambia.

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kama masizi. Hii haikuwa nyeusi, ilikuwa ya hudhurungi na inapenyeza mwanga. Basi haikutoka kwenye injini. Ilitoka giaboksi, ikapita oili sili iliyochakaa kwenye shafti, ikalowesha pleti. Fundi wa mjini hakukosea kabisa alipoitaja giaboksi, ila aliyehitaji kubadilishwa ni kipande cha mpira, na pleti iliyoharibiwa nacho. Wako wanaoosha pleti kwa petroli na kuirudisha. Mjomba anasema inashika siku mbili tatu kisha inarudia yaleyale, nami namwamini.

Kuifikia klachi ni lazima trekta ikatwe kiuno, yaani injini itenganishwe na giaboksi. Trekta hii ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na hapa ndipo watu huumia. Ekseli ya mbele hucheza juu ya pini moja ya katikati, kwa hivyo ukiiachia injini itapinduka upande. Mjomba alipigilia kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli na mwili wa injini, akaweka magogo chini ya giaboksi na jeki juu yake, na magurudumu ya nyuma akayazuia kwa mawe. Waya wa betri ulitolewa kwanza, halafu boneti, bomba la dizeli, nyaya, fito za usukani, na mwisho bolti za kiunoni. Tukasukuma sehemu ya mbele polepole mpaka mtu akapata pa kuingia.

Kabla ya kulegeza presha pleti alitia alama ya patasi juu yake na juu ya flaiwili, ili irudi ilipokuwa. Bolti hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu springi zile zina hasira. Vumbi la ndani hakulipuliza kwa mdomo. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Pleti kubwa iling'aa kwa mafuta. Flaiwili ilikuwa na mabaka ya buluu ya joto lakini haikuwa na ufa. Alimwaga oili ya giaboksi, akaweka sili mpya, pleti mpya, na beringi mpya, ingawa ile ya zamani ilikuwa bado inazunguka. Nani atarudi kukata trekta kiuno kwa ajili ya beringi?

Wakati wa kurudisha, meno ya pleti zote mbili lazima yalingane. Alitumia kipande cha shafti kuukuu kuyaelekeza, akapaka grisi nyembamba sana. Vidole vya presha pleti akavipima vyote viwe sawa, la sivyo trekta hutetemeka ikianza kwenda. Sehemu mbili zikikataa kuungana, unazungusha injini kwa mkono taratibu hadi meno yapatane. Kuzivuta kwa bolti ni kupinda pleti mpya.

Siku ya sita, saa kumi za jioni, trekta ilipanda kilima kilekile na plau udongoni, na mnunuzi wa mtamba akawa amekwisha kwenda kwingine. Baada ya siku chache za kulima mjomba alirudi kupima nafasi ya pedali, maana pleti mpya ikizoeana na flaiwili huzidi kuwa nyembamba na ule mchezo hupungua. Akachomoa pini ya tundu la chini. Palikuwa pakavu, akairudisha.