Kelele na Wepesi wa Kupokea Ishara katika Amplifaya ya Gari

Ubavuni mwa amplifaya nyingi za gari pana kirekebishi kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi. Wengi hudhani kwamba hicho ndicho kinachoongeza nguvu, nao hukizungusha mpaka mwisho. Badala ya muziki safi husikika mvumo, pamoja na mlio mwembamba unaopanda na kushuka kufuata mwendo wa injini. Fundi hulaumiwa, na pengine chombo kizima hubadilishwa bure.

Kwa kweli kirekebishi hicho hakiongezi hata wati moja juu ya uwezo wa amplifaya. Kazi yake ni kupanga wepesi wa kupokea ishara, yaani volti zinazohitajika kuingia ili amplifaya itoe nguvu zake zote.

Kwa mfano, amplifaya ya wati 50 inaendesha spika yenye ukinzani wa omu 4. Kwa kuwa P = V²/R, volti zinazotoka ni √(50 × 4), yaani 14.1. Kirekebishi kikiwekwa kwenye volti 2, ishara hukuzwa mara 7 hivi. Kikiwekwa kwenye volti 0.2, hukuzwa mara 70 hivi. Nguvu ya mwisho ni ile ile.

Tofauti imo katika kelele. Ikiwa waya wa ishara umeokota kelele ya milivolti 1, amplifaya haiwezi kuichagua na kuiacha. Hukuza vyote kwa pamoja. Ishara ya volti 2 huizidi kelele hiyo mara 2,000, yaani desibeli 66. Ishara ya volti 0.2 huizidi mara 200 tu, yaani desibeli 46.

Kelele zenyewe ni za namna mbili. Mvumo usiobadilika hutokana, pamoja na mambo mengine, na mtikisiko wa elektroni kwa sababu ya joto. Vipimo vyake vilivyofanywa na J. B. Johnson, na maelezo yake yaliyotolewa na H. Nyquist, vilichapishwa nchini Marekani mwaka 1928. Huo hauwezi kuondolewa kabisa. Mlio unaofuata injini hutoka katika altaneta, ambayo umeme wake, hata baada ya kunyooshwa na daiodi, hubaki na viwimbi. Viwimbi hivyo hupenya hasa pale redio na amplifaya zinapofungwa kwenye sehemu mbalimbali za bodi ya gari. Dawa yake ni kuzifunga mahali pamoja, na kuutenga waya wa ishara na waya wa betri.

Hivyo basi, kirekebishi kianzie chini kabisa. Sauti ya redio ipandishwe kwanza hadi karibu na kikomo chake kabla haijakwaruza, ndipo kirekebishi kiongezwe polepole mpaka sauti itoshe.

Zoezi: Amplifaya ya wati 100 inaendesha spika ya omu 4. Tafuta ukuzaji wake kirekebishi kikiwa kwenye volti 4, kisha kwenye volti 0.5. Kelele ya milivolti 1 itafika kwenye spika ikiwa milivolti ngapi katika kila hali?