Maua na Sakitu

Katika nchi ya Uingereza, mwisho wa mwezi wa Aprili na hata katikati ya Mei, hutokea siku ambayo jua huwaka vizuri, jioni mbingu huwa safi, na upepo hutulia. Mtunza bustani asiye na ujuzi hufurahi. Mwenye ujuzi hutazama juu kwa wasiwasi, kwa maana wingu ni kama blanketi la ardhi, na usiku usio na wingu joto la udongo hupaa likapotea. Karibu na alfajiri majani hufunikwa na umande ulioganda, mweupe kama unga. Umande huo huitwa sakitu. Kukicha, maua mengine yamesimama kama jana. Mengine yamelegea, na jua lipandapo huwa meusi kama mboga iliyopikwa.

Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya mimea yenyewe. Kila jani limejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo vimejaa maji. Baridi ishukapo chini ya digrii 0, maji yaliyo kati ya seli huanza kuganda, na barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli, hata ngozi zake nyembamba zikaharibika. Barafu ikiyeyuka, jani haliwezi kusimama tena. Lakini mimea ambayo asili yake ni nchi za baridi ina njia za kujilinda. Mingine huzidisha sukari katika utomvu wake kadiri baridi inavyokaribia, na maji yenye sukari hayagandi upesi kama maji matupu. Mingine hupukutisha majani yote. Mingine tena hufa juu ya ardhi, na uhai wake hubaki umejificha mizizini.

Basi watunza bustani wa huko wameigawa mimea ya maua mafungu matatu: migumu, nusu-migumu na dhaifu. Ile migumu haina matata mengi. Waridi hukaa nje mwaka mzima, na mbegu za lupini hupandwa nje bila kungoja joto.

Kwenye fungu la pili ndipo wanaoanza kazi hii hupata hasara. Humo mna kosmosi, zinia na dalia. Mbegu za kosmosi na zinia hupandwa mwezi wa Machi au Aprili ndani ya nyumba ya vioo, na miche huota minene na kupendeza, hata mtu hushawishika kuitoa nje mara moja. Asifanye hivyo. Miche iliyokua katika joto haina budi kuzoezwa: hutolewa nje mchana na kurudishwa ndani jioni, kwa muda wa siku 10 au 14, mpaka majani yake yakaze. Ndipo huhamishiwa bustanini mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, hofu ya sakitu ikiwa imepita. Dalia, ambayo asili yake ni Mexico, hutunzwa kwa namna nyingine. Sakitu ya kwanza iyafanyapo majani yake kuwa meusi, mtunza bustani hukata mashina, huchimba viazi vyake, huvikausha, na kuviweka mahali pasipofikiwa na barafu hata msimu wa kupanda urudi.

Mimea ya fungu la tatu hudhuriwa hata na baridi isiyogandisha maji. Lakini jina la dhaifu lisimdanganye mtu. Bogenvilia hupanda kuta za Mombasa kwa miiba yake na kustahimili jua kali. Huko Uingereza huhesabiwa kuwa dhaifu na kulindwa ndani ya vioo. Kumbe kuna ua jeupe, dogo kuliko kidole, lenye shina jororo, ambalo hutokeza katikati ya theluji mwezi wa Januari au Februari wala halidhuriki. Unene wa shina si kitu. Jambo la kuuliza ni hali ya nchi ambamo mmea ulitoka.

Afrika ya Mashariki imetoa maua mawili yanayojulikana sana Ulaya. La kwanza lina shina lenye majimaji, na kifuko chake cha mbegu kikiiva hupasuka kiguswapo. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka mbegu zake Uingereza, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker aliliita kwa jina la heshima ya Sultani wa Unguja. Katika nchi yake mmea huo huishi miaka. Uingereza hufa kwa sakitu ya kwanza, kwa hiyo hupandwa upya kila mwaka. La pili ni ua la rangi ya urujuani, limealo juu ya miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipata mwaka 1892, akampelekea baba yake mbegu. Leo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya, wala halithubutu kutoka nje wakati wa baridi. Huko Usambara kwenyewe limepungua, kwa sababu ya kukatwa miti iliyolifunika.

Hata hivyo si mimea yote ya Afrika iliyo dhaifu. Juu ya Kilimanjaro, panapozidi mita 3,500, maji huganda usiku na jua huchoma mchana. Hapo husimama mimea mikubwa kama miti, iitwayo na wataalamu Dendrosenecio. Majani yake yaliyokufa hayaanguki, bali hulivika shina kama nguo nzito. Jioni majani mabichi hukunjika na kulifumbata chipukizi lililo katikati, na jua litokapo hufunguka tena.