Kizunguzungu na Mlio wa Masikio Vikija Pamoja

Mtu akilalamika kizunguzungu, nyumba nzima husema ni presha, na wapo wanaomuazimia vidonge vya jirani. Ni hatari. Presha hupimwa, haikisiwi. Tena kizunguzungu kikija na mvumo au mluzi masikioni, sikio la ndani nalo lishukiwe.

Humo mna viungo viwili vilivyopakana: cha kusikia, na cha mizani ya mwili, kinachofanya kazi kama pima maji ya fundi mwashi. Majimaji yao yameungana, na habari zao hufika ubongoni kwa mshipa mmoja wa fahamu. Kimoja kikiumia, mara nyingi cha pili hakisalimiki.

Waliotibiwa malaria kwa kwinini wanalijua hili bila kufundishwa: masikio yalivuma, kichwa kikazunguka, kisha dozi ikaisha na hali ikatulia. Sindano za jentamaisini na streptomaisini hazina huruma hiyo. Zinaweza kuharibu usikivu na mizani moja kwa moja, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Aspirini nyingi nayo huleta mlio. Basi ukienda zahanati, beba dawa zote unazotumia, na za mitishamba pia. Lakini usijiachishe dawa uliyoandikiwa. Mweleze mhudumu siku hiyo hiyo.

Mwaka 1861, daktari Prosper Ménière wa Paris alionyesha kuwa kizunguzungu cha namna hii chaweza kutoka sikioni, wakati wengi wakilaumu ubongo. Ugonjwa unaoitwa kwa jina lake huja kwa vipindi: sikio, aghalabu moja, hujaa na kuvuma, usikivu hufifia, na dunia huzunguka kwa dakika 20 hadi saa kadhaa, pamoja na kutapika. Mlaze mgonjwa mpaka kipite. Anayepatwa na vipindi hivi asiendeshe bodaboda wala kupanda juu ya paa hadi daktari amruhusu.

Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba. Itolewe na mhudumu wa afya. Njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku hutoboa ngoma ya sikio.

Usikivu ukipotea ghafla, hata sikio moja, nenda hospitali leo, maana tiba hufaa zaidi ikiwahi. Uso ukipinda, ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi: mkimbizeni mgonjwa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.