Mkongo umekatika, lakini wapi?

SWALI: Mtandao wetu wa mkongo una vituo 6 na njia 9. Je, lazima kila njia iwe na kifaa chake cha ufuatiliaji?

JIBU: Si lazima. Tuma mwanga wa majaribio katika mizunguko inayoanzia na kuishia kituo kimoja. Mzunguko ukikatika, king'ora hulia. Panga kila njia ipitiwe na mkusanyiko wake wa mizunguko. Basi vikilia cha kwanza na cha tatu tu, unajua njia husika. Mizunguko 4 hutoa michanganyiko 15 ya ving'ora. Kwa hesabu inatosha njia 9, ingawa ramani yenu huenda ikadai zaidi.

Sharti lipo, na wengi hulisahau: kati ya vituo vyovyote viwili ziwepo njia tatu zisizochangia kipande. Kituo chenye njia mbili tu huwachanganya, kwani mzunguko unaoingia kwa moja hutokea kwa nyingine. Hapo ongeza kifaa cha pili. (Na nyaya mbili zikilazwa mtaro mmoja, katapila moja litavuruga hesabu yote.)

Ukishaijua njia, OTDR (kifaa kinachotuma mwanga kwenye waya na kupima mwangwi wake) itakupa umbali. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 1, hitilafu iko kama mita 100 mbele. Hizo ni mita za waya, si za barabara: toa akiba iliyokunjwa kwenye mashimo ya maungio kabla ya kuanza kuchimba.