SOMO LA MEKANIKA: KILA SUPAPI NA SAA YAKE



Mara hii tunaleta somo ambalo tulijifunza kwa haya. Kisha vakansi ya Pasaka, Mchungaji alitupa pikipiki yake, tumbadilishie sheni ndogo ya ndani ya motere, ile inayozungusha kame. Tulifanya kazi siku nzima, tukafunga, tukawasha. Iliwaka kwa shida, lakini ku barabara iliyo sawa ilikimbia vizuri, nasi tukafurahi. Kesho yake Mchungaji akaenda kutembelea kanisa la mlimani, na mzigo wa vitabu nyuma. Ku kilima pikipiki ikakosa nguvu. Alishuka, akaisukuma mpaka juu, na jua lilikuwa kali. Aliporudi hakutukaripia. Aliuliza tu: “Vijana wangu, mulifanya nini?”

Tulifungua motere tena, tukaona kosa: tulikuwa tumeweka sheni nyuma kwa jino moja. Jino moja tu! Juu ya nini jino moja linaondoa nguvu ya pikipiki? Njo somo la leo.

1. Kazi ya supapi na kame

Motere ya pikipiki nyingi inafanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa na esansi, kukandamiza, kulipua, na kutoa moshi. Supapi ni milango. Moja inaingiza hewa na esansi, ingine inatoa moshi. Resori inaifunga, na kame inaifungua. Kame ni chuma chenye umbo sawa la yai. Ile ncha yake ikipita, supapi inasukumwa. Kwa hatua zote nne vilbrekeni inazunguka mara 2, lakini kame inazunguka mara 1 tu.

2. Hesabu ya jino letu

Nyota ya kame ya pikipiki ile iko na meno 30. Tugawe: 360 : 30 = 12. Basi jino moja ni digri 12 za kame. Lakini vilbrekeni inazunguka mara mbili zaidi, kwa hiyo ni digri 24 za vilbrekeni. Supapi zote zilifunguka na kufungwa zikiwa zimechelewa digri 24. Tulikuwa na bahati: mu motere zingine, supapi iliyochelewa inagongana na pistoni na kuvunjika.

3. Hewa iko na uzito

Mtu anaweza kufikiri kwamba supapi ya kuingiza inafungwa mara tu pistoni inapofika chini. Hapana. Wenye kutengeneza motere wanaiacha wazi kidogo hata pistoni ikianza kupanda. Juu ya nini? Kwa mizunguko 3000 kwa dakika, pistoni inashuka kwa 1/100 ya sekunde. Kwa mizunguko 9000, inashuka kwa 1/300 tu. Hewa inayokimbia hivyo haisimami mara moja. Inaendelea kujisukuma ndani.

Tufikiri wanafunzi wanaokimbia ku chumba cha chakula. Mlango ukichelewa kufungwa, wale wa nyuma wanasukuma wa mbele, na wengi zaidi wanaingia. Lakini kama wanatembea polepole, na mtu ndani anawasukuma, wale waliokwisha kuingia watatoka tena. Pistoni inayopanda njo mtu yule.

Basi kuchelewa kufunga kunasaidia motere ikikimbia sana, na kunaiibia nguvu ikienda polepole. Njo sababu pikipiki ya Mchungaji ilitudanganya: ku barabara ya sawa ilikuwa inakimbia, lakini kilima na mzigo vinaomba nguvu ya polepole.

4. Kame moja haiwezi kutumikia mabwana wawili

Kama kame ni ya namna moja tu, fundi wa kiwanda anapashwa kuchagua. Kwa pikipiki ya mizigo anachagua nguvu ya chini. Kwa ya mashindano, nguvu ya juu. Lakini watu walijiuliza: je, saa ya supapi haiwezi kubadilika motere ikiwa inatembea? Alfa Romeo walifanya hivyo mu gari tangu 1980. Kwa pikipiki kuna njia mbalimbali:

a) Kulaza supapi. Honda CBR400F ya mwaka 1983 ilikuwa na supapi 4 kwa kila silindri. Chini ya mizunguko 8500, mbili zilikaa zimefungwa. Juu yake, zote nne zilifanya kazi.

b) Kuzungusha kame kidogo mbele ao nyuma ya nyota yake. Kawasaki 1400GTR, iliyotoka mwaka 2007, inafanya hivyo kwa kame ya kuingiza, kwa nguvu ya mafuta ya motere. Ducati Multistrada 1200 ya mwaka 2015 inazungusha kame zote mbili. Suzuki GSX-R1000 ya mwaka 2017 inatumia vigololi vya chuma: mbio ikizidi, vinakimbilia nje na kuchelewesha kame, bila umeme.

c) Kuwa na kame mbili kwa supapi za kuingiza, moja ya polepole na moja ya mbio. BMW R 1250 GS ya mwaka 2018 ni hivyo. Hata Yamaha YZF-R15 ya mwaka 2017, yenye cc 155 tu, iko na njia hii.

Kumbe kosa letu na ufundi wao ni ndugu. Sisi tulichelewesha supapi bila kujua, na ikabaki hivyo kila wakati. Wao wanaichelewesha wakati inapofaa, kisha wanairudisha.

5. Tushike nini?

Pikipiki nyingi za kwetu ziko na kame ya namna moja tu. Basi kabla ya kutoa sheni, tutafute alama ya nyota na ya vilbrekeni. Kisha kufunga, tuzungushe motere kwa mkono mara mbili na kuangalia alama tena. Sisi tuliruka jambo hili kwa sababu ya haraka. Tena, tusipige kame lima kusudi ikimbie sana. Chuma kilichoondolewa hakirudi.

Maswali

1. Nyota ya kame iko na meno 36. Sheni ikikosa jino moja, vilbrekeni inakosa digri ngapi?
2. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, pistoni inashuka kwa muda gani?
3. Dereva anapakia watu wawili mlimani kila siku. Umchagulie kame gani, na juu ya nini?

Mhubiri anatufundisha kwamba kila jambo liko na wakati wake. Tulirudisha jino mahali pake, tukaomba radhi. Siku ya Yenga Mchungaji alipanda kilima kile akiwa amekaa ku pikipiki.