Somo Litokalo Bryggen: Majengo ya Biashara ya Mbao na Utunzaji Wake

Katikati ya mji wa Bergen, pwani ya magharibi ya Norwe, ipo safu ya majengo ya biashara yaliyojengwa kwa mbao. Mahali hapo huitwa Bryggen, yaani gatini. Katika karne ya 14, wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walifungua hapo ofisi yao, wakinunua samaki waliokaushwa kutoka kaskazini na kuleta nafaka. Ofisi hiyo ilidumu hadi mwaka 1754.

Adui mkubwa wa majengo hayo alikuwa moto. Kwa sababu hiyo, kuwasha moto ndani ya maghala kulikatazwa, hata wakati wa baridi kali. Chakula kilipikwa katika nyumba za pamoja zilizotengwa upande wa nyuma, na mali ya thamani iliwekwa katika stoo za mawe. Hata hivyo, mwaka 1702 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Wenyeji walijenga upya kwa mpangilio uleule wa zamani, wakiacha vichochoro vyembamba kati ya safu za majengo.

Mwaka 1955 moto ulizuka tena na kuharibu sehemu ya Bryggen. Wapo waliotaka yaliyosalia yabomolewe. Lakini chini ya majivu, wanaakiolojia wakiongozwa na Asbjørn Herteig walifukua mabaki ya karne nyingi, yakiwemo mamia ya maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye vijiti. Thamani ya mahali hapo ikadhihirika. Mwaka 1962 uliundwa mfuko wa kuyahifadhi, na mwaka 1979 UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ambamo leo umo pia Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Hatari nyingine ilikuja kimyakimya. Maji ya ardhini yaliposhuka, mbao na udongo wa kale chini ya misingi vilianza kuoza, na majengo yakatitia. Mafundi huyainua kwa jeki, hubadilisha magogo yaliyooza na kuacha yaliyo mazima. Mifereji nayo ilirekebishwa ili maji yarudi ardhini.

Kwa mwenye duka au kibanda cha mbao, mafunzo ni matatu: jiko litengwe na bidhaa, vichochoro visizibwe, na ubao uliooza ubadilishwe mapema kabla haujaangusha jengo zima.